SOMO: Ni uchungu wa kweli au tumbo linakaza tu? Pima kwa saa

Swali hili linarudi kila wiki, kwa hiyo naliandika mara moja. Akikuuliza mdogo wako, mwonyeshe hapa.

Mimba ikiwa chini ya wiki 37 na tumbo linakaza kwa mpangilio, usipime chochote, nenda kituoni. Uliyewahi kujifungua kwa upasuaji pia: uchungu ukianza tu, ondoka.

1. Kojoa. Kibofu kilichojaa hukazisha tumbo.

2. Kunywa maji nusu lita, taratibu. Jua letu la Dodoma linakausha mwili, na ukipungukiwa maji tumbo hukaza ovyo.

3. Badili mkao. Ulikuwa umelala, tembea. Ulikuwa kwa miguu, lala ubavu wa kushoto. Uchungu wa uongo mara nyingi hupoa. Wa kweli unaendelea vilevile.

4. Weka vidole juu ya kitovu. Ukianza kidogo, tumbo ni kama ncha ya pua. Ukikolea ni kama paji la uso, vidole havizami. Ukiachia, tumbo lazima lilegee. Lililokaza moja kwa moja bila kulegea ni dharura.

5. Hesabu. Hapa ndipo watu wanapokosea. Unahesabu kutoka uchungu unapoANZA hadi unaofuata unapoANZA. Mfano: umeanza saa 4:10 usiku, ukaachia 4:11, mwingine ukaanza 4:15. Hizo ni dakika 5. Wengi wanahesabu kutoka ulipoachia, wanapata 4, au wanakadiria kwa kichwa tu. Maumivu hurefusha muda: sekunde 40 utaapa ni dakika mbili. Mpe mwingine simu, aandike mwanzo na mwisho wa kila mmoja kwa saa nzima. Na usihesabu mitatu ukatangaza, maana wa uongo nao huweza kufuatana vizuri kwa dakika 20 kisha ukapotea.

Mimba ya kwanza: kila dakika 5, unadumu kama dakika moja, kwa saa nzima, ondoka. Aliyekwisha kuzaa asisubiri hapo, njia yake hufunguka haraka. Na mlio vijijini Bahi, Chamwino au Mpwapwa, ondokeni mapema zaidi. Masika korongo likijaa, boda haivuki.

Usisubiri kuhesabu ukiona chupa imevunjika (hasa maji ya kijani), damu kama ya hedhi, mtoto amepunguza kucheza, au kichwa kinagonga na macho yana ukungu. Usafiri wa dharura wa wajawazito: piga 115, bure.

MASWALI

— Sijasoma yote, tumbo linauma tangu jana, ni uchungu?
Soma hatua ya 5. Wiki ngapi? Linaachia? Bila hayo siwezi kukujibu. Ukiwa na shaka, nenda kituoni sasa.

— Dada, kwa nini wa kweli hauzimiki ukitembea?
Swali zuri. Kichwa cha mtoto kinakandamiza mlango wa kizazi, mwili unatoa homoni ya oksitosini, mfuko unakaza zaidi, kichwa kinashuka zaidi. Kila mzunguko unaongeza unaofuata, ndiyo maana unazidi nguvu na kukaribiana. Wa uongo haufungui mlango, kwa hiyo hauna cha kuusukuma.

— Ute wenye damu kidogo umetoka asubuhi, niende?
Kama ni ute wa kuvuta wenye michirizi, mlango umeanza kulainika. Uchungu unaweza kuja leo au baada ya siku kadhaa. Ikiwa ni damu inayolowesha pedi, nenda sasa hivi.

— Bibi ana dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu, kikombe kimoja tu.
Hapana. Dozi yake haijulikani, na mfuko ukikazwa kupita kiasi unaweza kupasuka. Anayeongezewa uchungu huongezewa hospitali, kwa dripu, akiangaliwa.

— Pedi au kitambaa, chupa ikivunjika?
Pedi nyeupe, uone rangi ya maji. Ya rangi inaficha kijani. Andika na saa yalipoanza kutoka, mkunga atakuuliza.

— Na chakula?
Uji mwepesi wa uwele kabla ya kuondoka unafaa. Kadi ya kliniki iwekwe juu kabisa kwenye begi, siyo chini ya vitenge.