Unahamia Mombasa? Chagua mtaa hivi kwanza

Jamani usilipe depoziti kabla hujajua kazi yako iko upande gani, maana Mombasa mjini ni kisiwa na kila upande una njia yake ya kuingilia. Ukikaa Likoni na kazi iko Town utavuka feri kila siku, kwa miguu ni bure lakini ile foleni ya asubuhi ndo itakuchosha, kwa hivyo nenda ukaijaribu mwenyewe Jumatatu saa moja asubuhi ndo uamue. Kisauni, Bamburi na Nyali mnapitia daraja la Nyali, huko nako jioni matatu zinajaana. Kazi ikiwa bandarini angalia Changamwe ama Mikindani.

Mtwapa watu wanapapenda, ila hiyo tayari ni kaunti ya Kilifi.

Sasa maji, hapa nakusihi sana. Fungua mfereji uonje, nyumba nyingi zinatumia kisima na maji ni ya chumvi, ya kunywa na chai utanunua mitungi. Muulize jirani, sio ajenti. Na chumba kiwe na madirisha pande mbili upepo upite, joto la Februari si mchezo.