Seli shina zinakufa ukianza kuzibadilisha? Soma hii kabla hujamwaga sahani

Kuna mdogo wangu wa masters hapa Arusha alitaka kumwaga sahani zote kisa ameona seli zinaelea. Nikamwambia tulia. Seli shina za binadamu zikianza kugeuka kuwa za moyo au za neva lazima nyingine zife, cha muhimu ni kujua ngapi na kwa nini.

1. Insubeta (kabati la joto la kukuzia seli) nyuzi 37. Kaboni daioksaidi wengi wanaweka 5%, ila sisi tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo 5% ya hapa ni gesi pungufu kuliko 5% ya Dar. Midia (maji ya kulishia seli) ikienda pinki sana, yaani asidi imepungua, panda taratibu kuelekea 6% huku unapima pH.

2. Kuzitenganisha tumia Accutase, kimeng'enya laini cha kubandua seli; tripsini, kimeng'enya kingine cha kazi hiyo, siipendi kabisa, kali mno. Weka Y-27632 (dawa ya kuzuia seli zisijikaze) mikromola 10 kwa saa 24 halafu itoe. Wajapani walionyesha 2007 kwamba inaokoa seli zilizotenganishwa mojamoja, maana seli ikibaki peke yake inajikaza mpaka ngozi yake inatoa mapovu kama uji unaochemka, halafu inakufa.

3. Weka midia ya kubadilishia, protokali mnazo.

4. Kuhesabu. Hapa ndo siku nzima inapotea. Usimwage midia ya juu!! Maiti zimo humo, ukihesabu zilizoshika chini tu utapata 95% hai ufurahi bure, kwa hiyo kusanya zinazoelea, changanya na ulizobandua, zungusha kwenye sentrifyuji, ndo uhesabu. Tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa, changanya nusu kwa nusu, na uhesabu ndani ya dakika tatu hivi kwa sababu ukichelewa hata zilizo hai zinaanza kunywa rangi. Lakini tripani inaona zilizokwisha kutoboka tu, zile zilizoanza safari ya kufa zinataka aneksini V (protini inayozing'ang'ania seli hizo), na aneksini haishiki bila kalsiamu, sasa kama ulibandua kwa EDTA (kemikali inayonasa kalsiamu) na hukuosha vizuri, EDTA inaibeba kalsiamu yote, unaona hamna kinachokufa kumbe zinakufa. Osha mara mbili, tumia bafa yenye kalsiamu.

5. Seli hai zikiongezeka kesho yake, ziache. Zikishuka siku mbili mfululizo, mara nyingi ulizipanda chache mno, rudia ukizisonga zaidi kabla hujagusa dozi ya dawa za kubadilishia. Na sahani ya kulinganisha ihesabu siku hiyohiyo, mtu yuleyule.