Jiografia ya darasa la saba na la nane: anzia mlangoni kwako

Wazazi wengi huniletea lalamiko lile lile: mtoto amekariri milima, mito na miji mikuu ya Afrika nzima, lakini ukimuuliza kwa nini mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, hauna hata mto mmoja, anakutumbulia macho. Majina anayo, swali hakufundishwa. Jiografia yote ya miaka hii miwili inasimama juu ya maswali mawili: kitu hiki kiko wapi, na kwa nini kiko hapo? Ukiuliza habari za milima, maji na hewa, uko kwenye jiografia ya maumbile. Ukiuliza habari za watu, mashamba, masoko na barabara, uko kwenye jiografia ya watu. Hapa kwetu hizo mbili ni vigumu kuzitenganisha, mtaona.

Tafuteni daftari, penseli, rula, na kijiti kilichonyooka cha urefu wa mkono.

Hatua ya 1: Pande nne

Mtoto wa Goma hahitaji kununua dira. Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, iko kaskazini, Ziwa Kivu liko kusini, mji wa Gisenyi wa Rwanda mashariki, Sake magharibi. Asimame asubuhi akiutazama mlima: jua litamchomozea mkono wa kulia.

Sasa chomekeni kijiti wima uani, saa sita mchana, mtazame kivuli. Hapa ndipo vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinapotuangusha. Vinasema jua la saa sita huwa upande wa kusini, na kivuli huelekea kaskazini. Kwao ni kweli mwaka mzima. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo kivuli chetu huhama. Mwezi wa sita kinaelekea ziwani. Mwezi wa kumi na mbili kinaelekea mlimani. Katikati ya mwezi wa tatu na mwisho wa mwezi wa tisa, jua linapita utosini na kijiti karibu hakina kivuli kabisa. Mimi nilipokuwa darasa la saba nilikaririshwa kwamba mwaka una majira manne, na kwamba katika moja majani yote ya miti huanguka. Nilitazama mgomba wa jirani mwaka mzima nikingoja.

Mkirudia jaribio hili mara moja kila mwezi, tarehe ile ile, mtakuwa na jedwali la mwaka mzima ambalo halikutoka katika kitabu chochote.

Hatua ya 2: Ramani ya njia ya shule

Mtoto ahesabu hatua zake kutoka nyumbani hadi shuleni. Tuseme hatua yake moja ni sentimita 60, na amehesabu hatua 500: hiyo ni mita 300. Akiamua kwamba sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 50 ardhini, njia yake itachukua sentimita 6. Kipimo cha ramani hiyo ni 1:5,000, kwa sababu mita 50 ni sentimita 5,000.

Ramani ikikosa kichwa, mshale wa kaskazini, kipimo au ufunguo wa alama, ni mchoro tu. Mimi mshale ukikosekana nakata alama bila huruma.

Hatua ya 3: Anwani ya dunia

Latitudo hupima umbali wa mahali kutoka ikweta, kwenda kaskazini au kusini. Longitudo hupima kutoka mstari wa Greenwich, Uingereza, kwenda mashariki au magharibi. Goma iko karibu 1°40' kusini na 29° mashariki. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, basi mtoto akokotoe: tuko karibu kilomita 185 kutoka ikweta. Mstari huo unapita katika mkoa wetu wenyewe, kati ya Lubero na Butembo. Mtu wa Beni na mtu wa Goma ni wa Kivu Kaskazini wote, lakini mmoja yuko nusu ya kaskazini ya dunia na mwenzake nusu ya kusini.

Longitudo ndiyo inayoeleza saa. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa. Kinshasa iko kwenye digrii 15 mashariki. Tofauti na sisi ni digrii 14 hivi, karibu saa nzima. Ndiyo maana redio ya Kinshasa ikitangaza saa tano, wewe ukitazama ukutani ni saa sita.

Hatua ya 4: Ardhi tunayoikanyaga

Hapa kaeni zaidi, hata siku mbili.

Okoteni jiwe jeusi la barabarani. Lina vitobo. Vitobo hivyo ni mahali ambapo gesi ilikuwa inatoka wakati jiwe lilipokuwa bado uji wa moto. Mtoto akishika jiwe hilo anashika lava, na mji wetu umejengwa juu yake.

Kwa nini volkano hapa, na hakuna Kisangani? Ganda la nje la dunia limevunjika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole mno. Upande huu wa Afrika bamba linapasuka, pande mbili zinaachana milimita chache kwa mwaka, na katikati ardhi imedidimia. Hilo ndilo bonde la ufa. Tawi lake la magharibi ndilo lenye maziwa marefu yaliyojipanga: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika. Ardhi inapopasuka, moto wa chini hupata mlango.

Nyiragongo ina mita 3,470. Lava yake ni majimaji kuliko ya volkano nyingi, haina silika nyingi (madini yanayofanya lava iwe nzito kama uji), kwa hiyo hukimbia kama maji. Ililipuka tarehe 10 Januari 1977. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilisimama Buhene, pembeni kabisa mwa mji. Watoto wengi wa darasa hili wanaikumbuka hiyo ya mwisho. Waacheni wasimulie kwanza, ndipo mfungue daftari.

Baada ya hapo waulizeni jiwe hilo limewafanya watu waishi vipi. Jibu liko kila mtaa: kuta za mawe ya lava, nyumba za mbao, vyoo ambavyo kuchimba shimo lake ni kazi ya nyundo na jasho. Na juu, kwenye vilima vya Kibumba na Rutshuru, ambako mawe ya zamani na majivu yamekwisha kusagika kuwa udongo, kuna rutuba ambayo wengine wanaitamani.

Hatua ya 5: Tone la mvua linaenda wapi

Sasa lile swali la mto. Mvua ya Goma hainyeshi kidogo, lakini lava imejaa nyufa. Maji yanazama kabla hayajapata nafasi ya kuwa mto, yanapita chini na kuingia ziwani. Kwa hiyo maji ya kunywa yanapandishwa kutoka ziwani, na bomba likikauka, watoto wanashuka na mabidoni.

Chora njia ya tone hilo. Kutoka Ziwa Kivu linatoka Bukavu kwa mto Ruzizi, linaingia Tanganyika, linatoka Kalemie kwa mto Lukuga, linafika Lualaba, ambao mbele unaitwa Kongo, na kuishia Bahari ya Atlantiki. Sasa chora tone lililoanguka Rutshuru, kilomita zisizofika 100 kutoka kwetu. Hilo linashika mto Rutshuru hadi Ziwa Edward, kisha Semliki, Ziwa Albert, mto Nile, na Bahari ya Mediterania. Mstari unaogawa maji ya Kongo na Nile unapita katika milima ya Virunga, tunayoitazama kila asubuhi.

Zamani za kale, kabla ya volkano hizo kuinuka, maji ya bonde hili yalielekea kaskazini. Volkano zikayaziba, ziwa likajaa hadi likapata mlango wa kusini. Ruzizi ni mlango huo. Kutoka Kivu, penye mita 1,460 hivi, hadi Tanganyika, penye 770 hivi, mto unashuka karibu mita 690, na ndiyo sababu mabwawa ya umeme yalijengwa pale.

Hatua ya 6: Hewa

Kwa ufupi. "Leo mtaa wa Majengo mvua imenyesha" ni hali ya hewa. "Mwezi wa saba Goma mvua ni chache" ni tabianchi, nayo hupimwa kwa miaka mingi, kawaida 30. Ukipanda mita 100, joto hupungua takriban nusu digrii na kidogo. Kisangani iko karibu na ikweta kama sisi, lakini mita 1,000 hivi chini yetu. Ndiyo maana anayetoka huko anafika Goma akitafuta koti.

Hatua ya 7: Watu

Msongamano wa watu ni hesabu moja: idadi ya watu gawanya kwa eneo. Kongo ina kilomita za mraba karibu 2,345,000 na watu wanaokadiriwa kupita milioni 100: kama watu 43 kwa kilomita moja ya mraba. Mwambieni mtoto neno "wanaokadiriwa" lina uzito, maana sensa yetu ya mwisho ni ya 1984. Rwanda ilihesabu watu wake 2022 ikapata milioni 13.2 katika kilomita za mraba 26,338, yaani 503 hivi. Wastani lakini unaficha mambo: msitu wa Walikale na mtaa wa Birere hapa Goma havifanani hata kidogo.

Kuhusu shughuli za uchumi, achaneni na majedwali. Fuateni kabichi moja kutoka Kibumba. Aliyeilima ni sekta ya kwanza. Fundi aliyechonga chukudu, chombo cha mbao kilichoibeba, ni sekta ya pili. Mwenye chukudu anayesafirisha na mama anayeiuza sokoni ni sekta ya tatu. Tena muulizeni mtoto kwa nini chukudu, isiyo na injini, imeshamiri hapa. Kibumba iko juu, soko liko chini. Mzigo unateremka, chukudu inarudi tupu au karibu tupu. Mteremko ule ule uliojengwa na volkano ndio injini yake.

Uhamiaji una nguvu mbili, inayosukuma na inayovuta. Vita na uhaba wa ardhi husukuma. Kazi, shule na biashara ya mpakani huvuta. Hapa nendeni taratibu, darasani mna watoto walioishi jambo hili.

Maswali ya wasomaji

*Mama wa Himbi:* Mwalimu, asanti. Mwanangu anakataa kabisa kwamba mto Rutshuru unaenda kaskazini. Anasema mto hauwezi kupanda.

Mama, mtoto wako anafikiri vizuri, ila ramani ya ukutani ndiyo inamdanganya. Kaskazini imewekwa juu ya karatasi, naye anadhani juu ya karatasi ni juu ya mlima. Vueni ramani ukutani, muilaze sakafuni, mshale wake uelekee Nyiragongo. Kisha mwambie Ziwa Edward lina mita 910 hivi, chini sana ya miteremko ya Virunga. Mto unashuka, hata kama unaenda kaskazini.

*Mwanafunzi, Bukavu:* Kwetu ziwa liko kaskazini. Nimefuata somo nikapotea.

Hukupotea, umegundua jambo. "Penye ziwa" ni mahali ukilinganisha na pengine, na hubadilika ukihama. Latitudo haibadiliki. Kwenu kusini tafuta Ruzizi inakoelekea.

*Papa mmoja, Ndosho:* Je, mazuku ni jiografia? Mbuzi wa jirani alikufa shimoni bila jeraha.

Ni jiografia, Papa, tena neno hilo la kwetu wataalamu wa volkano duniani wanalitumia vile vile, mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo. Haina rangi. Watoto wasishuke kwenye mashimo yale, na mtu akianguka humo usimwinamie kumvuta peke yako, ita watu.

*Mwalimu mwenzangu, Lubumbashi:* Sisi hatuna volkano. Nitabadilisha nini?

Hatua ya 4 iweke shaba: miamba yenu ndiyo iliyoita migodi, reli na mji. Hatua ya 6 itakuwa rahisi kuliko yetu, maana mna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi, na kiangazi kirefu. Kijiti nacho kitakuwa na tarehe zake: kwenu, karibu 11°40' kusini, jua linapita utosini baada ya katikati ya Februari, na tena wiki ya mwisho ya Oktoba.

*Yaya wa mwanafunzi, Katindo:* Tumehesabu hatua. Kwenda shule 690, kurudi 740. Tuandike ipi?

Shule iko mteremkoni kuliko nyumbani, siyo? Mtu akiteremka hatua hurefuka, akipanda hufupika. Andikeni 715, na pembeni mwandike kwamba kipimo kilitofautiana na kwa nini. Halafu mpime tena siku ambayo hakuchelewa kengele.