Degedege la kabla ya kifungua kinywa: jinsi ya kutambua upungufu wa GLUT1

Jeni ya SLC2A1, iliyo kwenye kromosomu ya 1, hutengeneza GLUT1, protini inayovusha glukosi kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo. Nakala moja kati ya mbili ikiharibika, damu inakuwa na sukari ya kutosha huku ubongo ukishinda njaa. Darryl De Vivo na wenzake waliueleza ugonjwa huu mwaka 1991 huko Marekani. Ni nadra, lakini una tiba, na kipimo chake cha kwanza hakihitaji maabara ya jeni. Hospitali yoyote inayotoa maji ya uti wa mgongo kuchunguza homa ya uti wa mgongo inaweza kukifanya.

Mshuku mtoto aliyeanza degedege lisilo na homa kabla ya umri wa miaka miwili, hasa likimjia asubuhi kabla hajala na kutulia akishakula. Uliza pia kama macho na kichwa viliwahi kurukaruka pamoja alipokuwa mchanga, kama anapepesuka au misuli inakakamaa akichoka, na kama kichwa kimeacha kukua inavyotakiwa. Wapo wasio na kifafa kabisa, wenye shida ya mwendo tu.

Kabla ya kutoa maji, hakikisha hakuna dalili za shinikizo kubwa ndani ya kichwa. Mtoto akae bila kula kwa saa 4 hadi 6. Mchanga anyonye mara ya mwisho saa 4 kabla. Usipime akiwa kwenye dripu ya dekstrozi, kwa sababu sukari ya damu hupanda haraka na ile ya uti wa mgongo huchelewa kuifuata. Usipime pia mara tu baada ya degedege.

Chukua damu ya kupima sukari kwanza, kisha maji. Hapa ndipo wengi hukosea: mtoto akishachomwa na kulia, sukari ya damu hupanda, na damu ikichukuliwa baadaye hesabu inaharibika. Weka sampuli zote mbili kwenye chupa zenye floraidi (kifuniko cha kijivu), uzipeleke maabara papo hapo. Omba sukari, laktati, protini na hesabu ya seli.

Gawanya sukari ya maji kwa sukari ya damu. Damu ikiwa 4.8 mmol/L na maji 1.7, jibu ni 0.35. Kawaida ni 0.6 hivi, chini ya 0.45 shuku sana, na wagonjwa wengi sukari ya maji huwa chini ya 2.2. Sukari ndogo bila seli zilizoongezeka na bila laktati kupanda si homa ya uti wa mgongo. Majibu ya namna hiyo yasifungiwe kwenye faili eti bakteria hawakuota. Ila sukari ya damu nayo ikiwa chini, rudia kipimo.

Kuthibitisha, tuma mililita 2 hadi 4 za damu kwenye chupa ya EDTA (kifuniko cha zambarau) kwa usomaji wa SLC2A1, pamoja na sampuli za wazazi. Omba wakague pia vipande vya jeni vilivyopotea, maana usomaji wa kawaida huweza kuvikosa. Jibu la jeni likiwa safi lakini hesabu ya sukari iko chini, ugonjwa bado haujafutika.

Tiba ni mlo wa ketojeniki, mara nyingi gramu 3 au 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga kwa jumla, kwa sababu ketoni, nishati ambayo mwili hutengeneza kutokana na mafuta, huingia ubongoni kwa njia nyingine. Uanze chini ya mtaalamu wa lishe, baada ya kuondoa uwezekano wa magonjwa ya kushindwa kuchoma mafuta: kwa watoto hao mlo huu unaweza kuua. Sharubati za dawa zenye sukari huuvuruga. Chai na kahawa mtoto asipewe, kwani kafeini huzuia GLUT1. Fenobabito, dawa ya kifafa iliyozoeleka sana kwetu, na valproeti huweza kuizuia pia. Zibadilishwe polepole na daktari, kamwe zisikatishwe ghafla.

Wazazi waambiwe mapema kwamba mara nyingi badiliko hili la jeni huanza kwa mtoto mwenyewe, hakuna aliyemletea. Mzazi akiwa nalo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 50.