Ukienda Tembe la Livingstone pale Kwihara, beba futikamba

Watu wengi wakifika Tabora wakaambiwa kuna makumbusho Kwihara, kwenye tembe, ile nyumba ya pembe nne yenye paa bapa, wanaenda, wanasikiliza stori ya Livingstone na Stanley walivyofika pale Februari 1872 wakitokea Ujiji, Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki mpaka Agosti akisubiri wapagazi, basi wanapiga selfii mlangoni wanarudi mjini. Stori ni nzuri sikatai, ila mi naona kitu chenyewe cha kuangalia pale ni nyumba, na nyumba inataka upime.

Kufika ni rahisi, bodaboda au bajaji kutoka mjini, ni kilometa chache tu kusini magharibi, patana naye kabisa kwenda na kurudi na akusubiri. Ukilipa kiingilio mwambie mhusika mapema kwamba unataka kupima na kupiga picha, usianze kutandaza uzi uani kimya kimya watu wakabaki wanakushangaa. Beba futikamba, uzi mrefu, bikari na daftari la miraba.

Anza na mlango, na hapa usiwe na haraka. Simama katikati kabisa, simu wima usawa wa kifua, piga picha moja iliyonyooka halafu itazame kama ungeikunja katikati, upande wa kulia na wa kushoto vinafanana wapi na fundi kaachia wapi? Kisha sogea usome nakshi kwa macho tu, usiguse. Tafuta pale mchoro unapoanza kujirudia, pima kwa macho kipande kimoja, hesabu kimejirudia mara ngapi kwenye mwimo mmoja. Ukikuta ua la duara hesabu petali. Zikiwa 6 au 12 rudi nyumbani na bikari yako, chora duara, usibadilishe upana wa bikari, tembeza ncha juu ya mstari wa duara uone inaingia mara 6 kamili bila kubaki hata kidogo. Ndo maana mchonga milango akiwa na bikari hahitaji kupima pembe, nyuzi 60 anazipata bure. Zikiwa 8 njia ni nyingine, unagawa duara nusu, nusu tena, nusu tena.

Ingia uani. Pima kutoka kona hadi kona ya mkabala, mishazari yote miwili. Ikilingana, na kuta zinazotazamana nazo zinalingana, ua uko skwea, isipolingana andika tofauti ni sentimita ngapi, nyumba ya zamani tena iliyokarabatiwa usitegemee ikae kama tofali la kiwandani. Kona moja moja ikague kwa ile ya mafundi, tatu nne tano: kutoka kwenye kona pima mita 3 ukuta huu, mita 4 ukuta ule, weka alama, kutoka alama hadi alama isome mita 5. Mwanafunzi wa sekondari aliyechoshwa na Pythagoras ubaoni mlete hapa.

Vyumbani angalia juu. Paa la tembe ni bapa na limebebwa na miti, kwa hiyo upana wa chumba unaamuliwa na mti unaofika ukuta hadi ukuta, urefu ndo unaweza kwenda unavyotaka. Unene wa ukuta upimie dirishani.

Sasa swali la kuwapa watoto. Msonge wa Kinyamwezi ni duara, tembe ni pembe nne, nani kapata zaidi? Chukua ukuta wa mita 12, ukiuzungusha mraba unapata mita za mraba 9, ukiuzungusha duara unapata kama 11.5. Duara limeshinda, ila jaribu kupanga vyumba vya duara kuzunguka ua uone mianya inayobaki, wakati vya pembe nne vinabanana na kugawana ukuta mmoja, na mfanyabiashara wa msafara alihitaji vyumba vingi vilivyofungana na mlango mmoja wa kulinda.

Walioko Kigoma, makumbusho ya Ujiji nendeni kwa historia zaidi, kwa kupima mi ningewapeleka stesheni ya reli, jengo la Wajerumani, reli yenyewe ilifika huko 1914. Hesabuni matao na mpime nafasi kati ya nguzo na nguzo, ila ombeni ruhusa kabla ya kutoa simu mfukoni, pale ni eneo la reli.