Kurudisha giaboksi ya lori bila kupoteza kidole

Giaboksi ya lori kubwa huzidi kilo 200. Wengi huogopa kuishusha, lakini vidole nilivyoona vikienda vilienda wakati wa kuirudisha, pale fundi anapotia kidole kwenye tundu la bolti apime kama yamelingana. Chuma kikiteleza nusu inchi tu, matundu mawili yanageuka mkasi. Kijana niliyemfundisha kazi alipoteza ncha ya kidole cha shahada hivyo hivyo, na aliyemwambia "hebu pima" ni mimi.

Kwanza, vua pete na saa.

Pili, giaboksi ishikwe sehemu mbili: jeki yake chini, cheni bloku, ile winchi ya mnyororo, juu. Jeki ya chupa na kipande cha mbao havitoshi, kwa sababu uzito umelalia upande mmoja na itapinduka.

Tatu, na hapa usifanye haraka: tafuta bolti mbili ndefu zenye uzi uleule wa bolti za giaboksi, kata vichwa, kisha chora mfereji juu kwa msumeno wa chuma ili baadaye uzifungue kwa bisibisi. Zifunge kwenye injini, moja kila upande. Giaboksi itapanda juu yake na kuteleza hadi mahali pake. Matundu mengine yakague kwa tochi. Likikataa kulingana, tumia mtaimbo.

Nne, atoe amri mtu mmoja. Wa jeki asipampu kabla ya kusikia "mikono nje!"

Ikiponyoka, usiidake. Ruka nyuma, iache ianguke.

Mtu akishabanwa, vua pete kama ilisahaulika, maana kidole huvimba upesi. Osha kwa maji safi, kandamiza kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya usawa wa moyo. Grisi, petroli na majivu visiguse kidonda. Kipande kilichokatika kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie mfuko wa plastiki, ufunge kabisa, ndipo uuweke mfuko kwenye maji ya barafu. Barafu ikigusa nyama yenyewe huiharibu.

Hospitali omba eksirei hata kama ni ukucha tu umekuwa mweusi, kwani mfupa chini yake unaweza kuwa umevunjika. Ulizia pia sindano ya pepopunda.

Kwa Tanzania Bara, mwajiri aripoti ajali kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008. Mchango wake hulipwa na mwajiri. Mshahara wako haukatwi. Muulize mwenye gereji leo kama amejisajili.