Chuma cha babu usichokijua: kabla hujakinoa, kisome

Niliwahi kuokota kwa muuza chuma chakavu, jirani na Mwaloni Kirumba, Mwanza, kitu kama patasi butu. Nikakinoa nusu siku. Fundi mitumbwi alipokiona akashika kichwa. Kilikuwa chuma cha kukalafatia, cha kushindilia pamba kwenye mianya ya mbao ili maji yasipenye. Ubutu ndio kazi yake. Kikiwa na makali kinakata pamba. Mdomoni kilikuwa na mfereji mwembamba, nao niliumaliza kwa tupa.

Hatua ya kwanza, basi: grainda kaa nayo mbali. Paka mafuta ya taa, lala, asubuhi sugua kwa gunzi la hindi.

Pili, tazama kilipochakaa. Kichwa kilichochanua kama uyoga kimepigwa sana kwa nyundo ya chuma. Penye ulaini wa kiganja ndipo kilipokuwa kinashikwa.

Tatu, maandishi. Paka chaki, futa juu juu, herufi zitabaki nyeupe. Ukiona E.A.R.&H., hilo ni Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, 1948 hadi 1969. Huenda kilitoka karakana ya reli au ya meli. D.R.G.M. ni usajili wa Kijerumani wa ubunifu wa vifaa, ulioanza 1891. Usikimbilie kusema kiliachwa na Wajerumani walioondoka Mwanza 1916, kwani bidhaa zenye alama hiyo ziliuzwa miaka mingi baada ya hapo.

Nne, mpelekee mzee wa kazi. Usimuulize "hiki nini?" Mwamkie, mpe mkononi, nyamaza. Vidole vyake vitajipanga vyenyewe kabla hajakumbuka jina.

MASWALI

– Mkuu, nina koleo lenye kigurudumu cha namba 4 mpaka 12. La fundi saa?

Hapana, ni la kupinda meno ya msumeno, moja kulia, moja kushoto, usikwame ndani ya ubao. Namba ni meno kwa inchi. Bado lina kazi hilo.

– Mjomba kaacha kisu chenye mipini miwili, huku na huku. Mama hataki kikae ndani, anasema cha kuchinjia.

Mtoe hofu mama. Unakivuta kuelekea kifuani, unachonga kasia au mpini wa jembe.

– Nikipige rangi ya fedha kipendeze?

Mafuta tu, kaka.

– Na kile ulichokinoa?

Nafungulia makopo ya rangi.